Kaseti ya Mwalimu Muthoki Iliyomsimamisha Mkaguzi

Saa kumi na moja alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajaanza kelele zake, Mwalimu Muthoki Ndeti anaketi juu ya gunia la mbaazi, anajifunika blanketi kutoka kichwani hadi magotini, na kuanza kumkaripia mtoto ambaye hayupo.

"Kiema," anasema. "Huo mguu ni wako au ni wa jirani? Urudishe."

Ananyamaza. Anahesabu kwa vidole hadi nane.

"Asante," anasema, kisha anaendelea na hesabu za kugawanya.

Kiema mwenyewe amelala kwao, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapa. Karipio hilo atalisikia saa mbili na nusu akiwa darasani, na kwa jinsi mwalimu wake anavyomjua, mguu utakuwa papo hapo ulipotabiriwa.

Chini ya blanketi, mapajani mwa mwalimu, kuna redio kaseti nyeusi ambayo mkono wa kuibebea umefungwa kwa waya. Ndiyo inayofundisha darasa la tatu la Shule ya Msingi ya Kyandula, kilomita nne kutoka soko la Kalamba, huku mwalimu mwenyewe akifundisha darasa la nne upande wa pili wa ukuta.

"Blanketi ni la kuzuia jogoo," anaeleza mwalimu huyu wa miaka arobaini na miwili. "Kaseti yangu ya nusu na robo iliingia jogoo. Kila nikisema nusu, anawika. Siku ya mtihani niliona watoto wamekaa tu na kalamu mkononi. Walikuwa wanamngoja."

Mumewe, Bwana Ndeti, ni seremala. Anasema mara ya kwanza mkewe alipoanza kazi hii ya alfajiri, alirekodia chumbani, na yeye akaamshwa na sauti ikiamuru: kaa wima, funga mdomo, toa daftari.

"Nilikaa wima," anasema Bwana Ndeti. "Daftari ndilo sikuwa nalo."

Tangu siku hiyo mwalimu alihamishiwa kwenye ghala la chakula.

Mambo haya yalianza Januari mwaka huu wa 1993. Mwalimu wa darasa la tatu alihamishwa, na wa kujaza nafasi yake hakufika. Muthoki, ambaye amefundisha kwa miaka kumi na tisa, aliambiwa ashike madarasa yote mawili kwa muda. Darasa la tatu lina wanafunzi thelathini na wanane. La nne lina arobaini na mmoja.

"Nilikuwa nakimbia kutoka mlango huu hadi mlango ule kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe," anakumbuka. "Nikiingia la tatu, la nne linageuka soko. Nikirudi la nne, la tatu wanapanda madawati. Jioni nikifika nyumbani sauti imekwisha, nasalimia watu kwa mkono."

Wazo la kaseti alilipata dukani kwa Mzee Billow.

Billow ni mfanyabiashara aliyetoka upande wa Wajir miaka mingi iliyopita akiuza mbuzi, akaishia kufungua duka la sukari, majani chai na mafuta ya taa hapo sokoni. Binti yake Deqa, mwenye umri wa miaka tisa, yumo darasa la tatu. Mama yake Billow yuko bado kwao Wajir. Hawaandikiani barua.

"Mama yangu hajui kuandika, na mimi kusoma ni shida," anasema Billow, akiweka mikono juu ya meza ya duka. "Kaseti inajua yote mawili. Mama anaongea huko, anapatia dereva wa lori, mimi nasikia hapa."

Jumamosi moja Muthoki aliingia kununua chumvi na kumkuta Billow, mwanamume wa miaka hamsini na zaidi, amesimama wima mbele ya redio yake kubwa, mikono nyuma. Sauti ya mwanamke mzee ilikuwa ikimsema kwa Kisomali bila kupumzika. Kila ilipotulia kidogo, Billow aliinamisha kichwa na kujibu, "Haa, hooyo," yaani ndiyo, mama.

Muthoki alimwuliza Deqa kuna nini.

"Ni nyanya," Deqa akamwambia. "Anamwambia baba kwamba anajua hajamwandalia mjomba pesa za safari. Na ni kweli."

"Anajuaje, na kaseti imetoka huko wiki mbili zilizopita?"

"Nyanya anamjua baba," Deqa alijibu.

Mwalimu alisahau chumvi. Alisimama pale mpaka upande wa kwanza wa kaseti ukaisha.

"Nilijiambia, kama mama aliye Wajir anaweza kumsimamisha mzee huyu kwa kumtaja jina tu, mimi nashindwaje na watoto wa darasa la tatu, ambao niko nao ukuta kwa ukuta?" anasema. "Redio ya kawaida nilikuwa nimeshaijaribu, vile vipindi vya shule. Ni vizuri. Lakini yule mtu wa redio anauliza swali, ananyamaza, halafu anasema vizuri sana hata kama watoto wamejibu upuzi. Wakamzoea. Wakawa wanampigia kelele yoyote ile na yeye anawasifu. Mtoto anataka mtu anayemjua. Akisikia jina lake, anarudi kutoka huko alikokuwa ameenda."

Billow alikuwa na redio kaseti nyingine ya zamani, akamwuzia kwa shilingi mia tisa. Kwa mwalimu ambaye mshahara wake haufiki elfu nne, hilo lilikuwa jambo la kuzungumzwa nyumbani. Lilizungumzwa. Bwana Ndeti bado analizungumza.

Majuma ya kwanza yalikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Siri yake, anasema, ni kujua saa. Baada ya dakika tano mtu humvuta mwenzake nywele. Ya saba ni Kiema na dirisha. Ya kumi na mbili kuna anayetaka kwenda nje, na akienda mmoja watafuata sita. Yote hayo anayaweka kwenye kaseti mahali pake.

"Yule anayeinua mkono anataka kwenda nje, ushushe," sauti ya kaseti husema. "Mapumziko yako karibu."

Na kweli, mkono hushuka.

Mwalimu mkuu, Bwana Mutiso, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, anakiri kwamba hakuuliza maswali mengi.

"Darasa lilikuwa limenyamaza," anasema. "Ukiwa mwalimu mkuu na darasa limenyamaza, huendi kutafuta sababu."

Tatizo lilikuwa betri.

Redio hiyo inakula betri sita kubwa, na kwa matumizi ya kila siku hazimalizi wiki mbili. Muthoki alijaribu kila njia ya kuzibana. Kaseti zilirudishwa mwanzo kwa mkono, kwa kuzungushia kalamu, ili redio isifanye kazi hiyo. Betri zilizochoka zilianikwa juani juu ya karatasi, pembeni ya mbaazi, zipate nguvu kidogo. Zilipata. Lakini nguvu hiyo ilikuwa ya kizee.

Mwezi wa Mei, bei ya betri ilipanda naye akazitumia zile zile kwa karibu mwezi mzima. Akiwa darasa la nne alisikia sauti yake ng'ambo ya ukuta na kuridhika. Hakuwa na nafasi ya kuisikiliza vizuri. Kama angeisikiliza, angegundua kwamba ilikuwa ikizama siku baada ya siku, ikiwa nzito na ya kuburuta, mpaka ikawa kama ya mwanamume mnene anayeongea akiwa ndani ya pipa.

Somo la kwanza kila asubuhi lilikuwa Kiingereza. Kaseti inasema, watoto wanaiga.

"Sisi tulidhani sasa tumeingia Kiingereza cha watu wakubwa," anasema Deqa. "Mtu mkubwa haongei haraka."

Wazazi ndio waliotangulia kujua. Nthenya, mama yake Kiema, ni mkulima wa kunde na mtama, mwanamke mrefu asiyependa kuzungushwa. Anasema jioni moja alimtuma mwanawe kuteka maji.

"Akaniambia, 'Yeees, mwaaaiiituuu,'" anasimulia Nthenya, akiliburuta neno hilo la Kikamba lenye maana ya mama na kushusha sauti hadi tumboni. "Hivyo hivyo, kama mtu anazama mtoni. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nywele zikanisimama. Nikamwuliza, ni nani amekuita huko njiani?"

Alimpa mwarobaini. Hali haikubadilika. Akampeleka zahanati.

"Daktari akamwambia fungua mdomo, sema aaa," anasema. "Mtoto akasema aaa mpaka daktari akaangalia saa. Koo ni safi. Akatuambia turudi Jumanne."

Njiani kurudi nyumbani, Nthenya alikutana na watoto watatu wa jirani wakitoka shuleni. Walimsalimia. Wote watatu walikuwa na ugonjwa huo huo.

Hapo ndipo aliposikia habari za redio. Ijumaa alifunga kitambaa kichwani, akatembea hadi ofisi ya elimu, na kumweleza karani kwamba mtoto wake anafundishwa na sanduku, na sanduku lenyewe ni gonjwa.

Jumanne iliyofuata, saa mbili na dakika ishirini, pikipiki ya serikali iliegeshwa nje ya darasa la tatu.

Bwana Evanson Gicheru, mkaguzi wa shule, ni mtu wa Nyeri aliyehamia huku miaka minne iliyopita. Ni mwembamba, nadhifu, na vumbi la barabara ya Kalamba halimpendi. Siku hiyo alikuwa amejaa kikohozi, na alikuwa ameweka peremende mdomoni kukituliza. Hakupita ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Malalamiko kama yale huendi kwa kupiga hodi," ananiambia. "Mwalimu kuacha darasa ni jambo zito. Nilikuwa na fomu ya kurasa nne. Kama ni kweli, ningeijaza pale pale, na huyo mwalimu angekaa nyumbani akingoja barua."

Aliingia. Wanafunzi thelathini na saba walikuwa wamemaliza Kiingereza na kuinama juu ya madaftari ya hesabu. Juu ya meza ya mwalimu kulikuwa na redio. Kwa bahati, jioni iliyotangulia Bwana Ndeti alikuwa ameuza stuli na kumnunulia mkewe betri mpya, na sauti ilikuwa kali na safi kama kengele.

Mahali pamoja tu palikuwa wazi: dawati la nyuma, kando ya dirisha. Mwenyewe alikuwa zahanati na mama yake. Gicheru akaketi hapo na kutoa kalamu.

"Nilitaka kuandika kwanza saa niliyoingia," anasema. "Lakini nikaona nje mbuzi wawili wanaikaribia pikipiki yangu. Nikawa nawaangalia."

Dakika ya saba ikafika.

"Kiema," sauti ikasema. "Hapo dirishani nje kuna nini?"

Gicheru aligeuka.

"Nakuuliza wewe. Tazama ubaoni."

"Nilikuwa nimeshautazama," anasema mkaguzi.

"Na hicho unachotafuna, toa."

Darasa zima likageuka kumwona. Hakuna aliyecheka. Deqa anasema waliogopa, kwa sababu yule mgeni alikuwa na tai, na hawakujua kama mtu mwenye tai anaruhusiwa kukataa.

"Ungekuwa wewe ungefanya nini?" Gicheru ananiuliza. "Watoto thelathini na saba wananingoja. Nikatoa peremende, nikaiweka kwenye kitambaa cha mkono."

"Haya," ikasema kaseti, bila haraka. "Sasa simama utuambie, saba mara nane ni ngapi?"

Zikaja zile sekunde nane ambazo Muthoki huziacha kwa ajili ya jibu. Gicheru anasema hajapata kuona sekunde ndefu kama hizo tangu mtihani wake wa darasa la saba, mwaka wa 1961. Alisimama.

"Hamsini na nne," akasema.

"Aaai!" likalia darasa.

"Kama amepata, mpigieni makofi," ikaendelea sauti. "Kama hakupata, Deqa, msaidie."

Deqa akainuka, mikono nyuma kama alivyomwona baba yake. "Hamsini na sita, mwalimu."

Mpaka leo mkaguzi hajui kama mwalimu aliyetajwa hapo ni yeye au ni redio.

"Kiema, keti," sauti ikasema, na sasa ilikuwa imelainika. "Leo umejaribu. Kesho utapata."

Gicheru akaketi. "Nilifurahi," anasema, akitazama pembeni. "Sikufichi. Ni muda mrefu hakuna mtu ameniambia nimejaribu."

Mambo haya yote Bwana Mutiso aliyaona nusu. Alikuwa ameiona pikipiki kupitia mlango wa darasa la nane, akakimbia akikata kiwanja kwa mshazari, na kufika mlangoni wakati ule mkaguzi wa serikali alipokuwa amesimama wima mbele ya redio, akijibu hesabu na kukosea.

"Nilirudi nyuma polepole," anasema mwalimu mkuu. "Sikuona faida ya kuonekana."

Ni ile "aaai" ya darasa iliyomwita Muthoki kutoka upande wa pili. Aliingia na chaki mkononi, tayari kugomba. Akamwona mgeni kwenye dawati la Kiema, magoti yamegusa kidevu.

"Nilijua kazi imekwisha," anasema. "Miaka kumi na tisa. Nilifikiria watoto wangu wawili walio sekondari, nikafikiria Ndeti na zile shilingi mia tisa. Chaki ilivunjika mkononi na sikuisikia."

Gicheru aliinuka. Alizima redio mwenyewe. Akaomba madaftari yote, akayapanga mezani na kuanza kuyasoma moja baada ya jingine. Alichukua zaidi ya saa nzima. Muthoki alisimama karibu na mlango kama mwanafunzi aliyechelewa. Halafu mkaguzi akaanza kuuliza maswali darasani, huku na huku, bila mpangilio. Tisa mara sita. Nusu ya thelathini. Mikono ilipanda kama nyasi.

Uso wake ulianza kulegea. Akafunga daftari la mwisho, akawageukia watoto na kuwasalimia kwa Kiingereza.

Thelathini na saba wakasimama kwa pamoja. Wakavuta pumzi.

"Guuuud mooooniiiing, saaaaa," wakaunguruma.

"Nilikaribia kuanguka," anasema Gicheru. "Madirisha yalitetemeka. Nilidhani wananidhihaki kwa sababu ya ile hamsini na nne."

Muthoki ndiye aliyeelewa. Aliyaona majuma manne ya betri za kuanikwa yakipita mbele ya macho yake. Alijaribu kueleza, akianza na mbaazi, akaenda kwa jua, akafika kwenye betri, na katikati akashikwa na kicheko ambacho hakuweza kukizuia. Alicheka huku machozi yakimtoka, na anasema machozi hayo hayakuwa yote ya kicheko.

Mkaguzi alingoja amalize. Kisha akamwuliza swali moja kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, ukiwa kule, mtoto akianguka hapa, ni nani atajua?"

"Nilifikiria kaseti zangu zote," anasema Muthoki. "Kwenye kaseti nimeweka kila kitu ninachojua watafanya. Mtoto kuugua sijui atafanya lini. Nikamwambia ukweli. Hakuna."



Gicheru hakuandika barua ya kumsimamisha. Aliandika kwamba watoto wanajua hesabu, kwamba Kiingereza chao kinahitaji kuharakishwa, na kwamba redio iendelee ikiwa tu kutakuwa na mtu mzima ndani ya darasa kila dakika, mpaka mwalimu wa pili apatikane. Alitoa wiki mbili. Alikuwa anataka kuyaweka hayo kwenye ile fomu aliyoiacha kwenye pikipiki, lakini alipotoka nje alikuta mbuzi wameifikia, na fomu ya kurasa nne ilirudi ofisini ikiwa na kurasa mbili na robo.

Mkutano wa wazazi uliitwa Alhamisi. Bwana Mutiso alieleza kinachotakiwa: mtu mzima mmoja, kila asubuhi, bila malipo ila uji wa saa nne. Wazazi wakatazama viatu vyao.

Nthenya alisimama. Alikuja, anasema, kuhakikisha sanduku limeondolewa. Kiema alikuwa amepona siku mbili tu baada ya betri mpya, na daktari alikuwa amedai sifa zote.

"Mimi bado sina imani na hicho kitu," akatangaza. "Nani atakiangalia?"

"Mama Kiema," akasema Bwana Mutiso kwa upole, "wewe ndiwe uliyekwenda ofisini. Hakuna mwingine anayekichunga kama wewe."

Nthenya aliwatazama wenzake, kila mmoja kwa zamu. Hakuna aliyemwokoa.

"Wiki moja," akasema.

Hayo yalikuwa mwishoni mwa mwezi wa Mei. Sasa ni wiki ya mwisho ya Julai, na asubuhi niliyotembelea darasa la tatu Nthenya alikuwa hapo nyuma, ameketi na leso mabegani, kalamu nyuma ya sikio. Aliwahi kufika darasa la pili tu, kabla ya baba yake kumtoa achunge ndama. Kaseti sasa ina jina lake pia.

"Mama Kiema, tafadhali hesabu watoto," ilisema ilipofika dakika ya kwanza.

"Wako thelathini na wanane," alijibu Nthenya kwa sauti, akiielekea redio. "Mmoja anatoka damu puani, nimemlaza kichwa."

Halafu akagonga ukuta mara mbili kwa mpini wa jembe. Ndiyo dalili waliyokubaliana. Muthoki aliingia kutoka darasa la nne, akamwangalia mtoto, akamfuta, akatoka. Kaseti ilikuwa bado haijafika kwenye swali la kwanza.

"Mwanzoni nilikuwa nakaa tu," Nthenya aliniambia wakati wa uji. "Halafu siku moja ikauliza sita mara saba, watoto wamenyamaza, na mimi nikajikuta nimesema. Nikanunua daftari."

Wiki iliyopita alifanya mtihani wa muhula pamoja na darasa. Alikuwa wa kumi na moja. Kiema alikuwa wa kumi na nne.

"Nyumbani hatuelewani," anasema Kiema, ambaye sauti yake sasa ni nyembamba na ya haraka kama ya watoto wengine. "Ananisahihisha hata nikiwa nakula."

Mkaguzi naye hupita pale mara kwa mara, hata siku zisizo za ukaguzi. Anasema ni kwa sababu barabara ni hiyo hiyo. Deqa anasema kila akija yeye humwuliza jedwali la saba, na sasa mkaguzi analijua lote.

Muthoki mwenyewe hajidanganyi kuhusu chombo chake. Nilimwuliza atafanya nini ofisi ikimletea mwalimu wa pili.

"Nitampa darasa la tatu kabla hajaketi," alisema. "Nitambebea mizigo yake mwenyewe. Kaseti haimwoni mtoto. Inamkumbuka tu."

Lakini redio haitaenda kukaa kabatini. Ana mpango mwingine. Mpwa wa Billow, Maalim Aftin, anafundisha shule ya msingi huko Wajir, na amekubali kwamba madarasa yao mawili yatumiane kaseti kwa lori lile linalobeba kaseti za mzee huyo. Kaseti ya kwanza imeshafika kutoka huko. Ilikuwa na watoto wakihesabu kwa Kiingereza, kengele za mbao za shingoni mwa ngamia, na mtu mmoja akikohoa kwa muda mrefu.

Sasa ni zamu ya Kyandula kujibu, na darasa la tatu limegawanyika. Kuna waliotaka kurekodi mashine ya kusaga ya sokoni. Ilijaribiwa, na mwalimu akaifuta.

"Wangedhani tunaishi ndani ya injini," anasema.

Walio wengi wanataka mvua. Maalim Aftin alisema huko kwake kuna watoto wa darasa la pili ambao hawajasikia mvua ikipiga bati tangu waanze shule. Shida ni kwamba hata Kalamba mvua haipo. Ile ya Aprili iliwaruka, na mahindi yakakauka yakiwa yamefika magotini.

Muthoki amenunua kaseti mpya, ya dakika sitini, na hajaifungua. Ameiweka juu ya rafu ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na betri sita ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzigusa.

"Nangoja Novemba," anasema, akiyatazama mabati ya darasa kwa ndani, mahali misumari ilipoacha vijishimo vya mwanga. "Ikianza tu, hakuna hesabu siku hiyo. La nne watakuja huku wabanane na la tatu. Mutiso akitaka, aje. Nitabonyeza kitufe, halafu nami ninyamaze. Na hao watoto wakipiga kelele kwa furaha, waache wapige. Sitafuta kitu."